Jiwe kutonaswa na sumaku si uthibitisho wa dhahabu

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya wachimbaji wadogo wa Ruangwa na Nachingwea: jiwe lisilonaswa na sumaku halina usumaku wowote ndani, kwa hiyo ni dhahabu. Si kweli, na unaweza kumtia mtu hasara kubwa.

Dhahabu hainaswi, sawa. Lakini hata shaba, risasi na pairiti, madini ya kung'aa yanayofanana na dhahabu, hazinaswi. Pima uzito: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, pairiti kama 5. Gonga kipande kwa nyundo. Dhahabu hubonyea, pairiti hupasuka.

Wala kutonaswa si uthibitisho kwamba hakuna usumaku ndani. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu mkono huhisi mvuto wa jumla tu. Katika oksidi ya manganizi (metali ya manganizi iliyoungana na oksijeni) iliyopoozwa chini ya nyuzi -155 hivi, kila atomu ya manganizi ni kisumaku, ila safu moja huelekea huku na jirani yake kinyume, zikafutana. Mwaka 1949 watafiti nchini Marekani waliimulika kwa nyutroni, chembe isiyo na chaji lakini yenye usumaku wake. Ilipopoozwa, vilele vipya vikajitokeza kwenye mchoro wa jinsi nyutroni zilivyotawanyika, alama ya mpangilio huo uliojificha.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyekutumia apime uzito kwanza.