Kufanana si undugu: kisa cha haben na habere

Muhula huu tena mwanafunzi ameandika ubaoni haben ya Kijerumani na habere ya Kilatini, akachora alama ya sawasawa katikati. Yote mawili maana yake ni "kuwa na", lugha zote mbili ni za Kiindo-Ulaya (ukoo wa lugha nyingi za Ulaya na baadhi za Asia), basi ni maneno mnasaba, yaani yenye asili moja! Nimelisikia hili miaka nenda miaka rudi na bado linaniuma, kwa sababu asili yao si moja.

Itazame hiyo h. Mwaka 1822 mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm alionyesha kwamba k ya lugha mame (lugha ya kale iliyozizaa zote), ambayo Kilatini huiandika c, iligeuka h katika lugha za Kijerumaniki, tawi lenye Kijerumani na Kiingereza: canis (mbwa) ni Hund, centum (mia) ni hundert, cor (moyo) ni Herz. Kwa hiyo ndugu wa haben mtafute kwenye c. Ni capere, "kushika". H ya Kilatini yenyewe hulingana na g: hostis ni Gast, mgeni.

Mswahili hapaswi kushangaa. Njia yetu ni njĩra ya Kikikuyu, mvua ni mbura. Sisi tumeidondosha sauti, wenzetu wanayo. Kikelti, tawi lenye Kiayalandi na Kiwelisi, nacho kilidondosha p: pater (baba) ni athair kwa Kiayalandi, plenus (-liojaa) ni lán, piscis (samaki) ni iasc. Hapo huja swali: mbona Kiwelisi kina pysgod (samaki), yenye p waziwazi? Imekopwa kwa Warumi. Lenye p ndilo geni, lililoipoteza ndilo la ukoo. Jozi moja isimshawishi mtu. Niletee tatu zenye badiliko lilelile la sauti, ndipo tuongee.

Wengine hudhani kila neno la pamoja kati ya Kijerumaniki na Kikelti ni urithi. Neno la Kijerumani Reich (milki) linawakanusha. Mfalme kwa Kilatini ni rex, mwenye e ndefu. Kikelti ndicho kilichoigeuza kuwa i ndefu, ndiyo maana Kiayalandi kina rí. Reich imetokana na i hiyo, kwa hiyo Wajerumaniki walikopa kwa Wakelti.

Kiingereza mtoto wa Kilatini? Hapana. Maneno mengi ya Kilatini yaliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lakini water, hand na mother ni ya Kijerumaniki. Vivyo hivyo Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu, na bado ni Kibantu.

Na Kiayalandi si lahaja ya Kiingereza. Ni Kikelti.