Shada la vuli la mlangoni: waya kwanza, gundi baadaye

Kuanzia Septemba mpaka Sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba, milango ya hapa Massachusetts, Marekani, huvalishwa mashada. Kwetu tumezoea kuyaona juu ya kaburi, au mikononi mwa kiongozi kwenye mnara wa mashujaa, ndiyo maana wageni wanaotoka nyumbani huniuliza nani amefariki nyumba ile. Hajafariki mtu. Ni pambo la msimu, na kwa sisi wapambaji wa maua ni msimu wa riziki. Leo naeleza namna ya kulitengeneza mwenyewe bila kununua la plastiki.

Shada hili linakaa nje, na hilo ndilo linaloamua kila kitu. Litapigwa jua, upepo na baridi ya usiku, na mlango wenyewe unabamizwa kutwa. Nyumba nyingi za huku zina mlango wa pili wa kioo mbele ya ule wa mbao, na katikati yake jua la alasiri likiingia panakuwa tanuri. Gundi ya moto, ile ya bunduki, inalainika humo na mapambo yanadondoka moja moja. Baridi kali ikija, inakakamaa na kubanduka. Kwa hiyo mimi hufunga kwa waya mwembamba wa kijani wa wapambaji. Gundi naiachia vitu vidogo visivyo na mahali pa kufungia, kama kokwa za mwaloni.

Duara la msingi hutengenezwa kwa mizabibu mwitu, ambayo imejaa pembezoni mwa misitu ya huku. Wakati mzuri wa kuikata ni baada ya majani kupukutika, maana yake ni kwamba msingi wa mwaka huu ungeukata majira ya baridi yaliyopita. Ikiwa imekauka, iloweke usiku kucha ipate kukunjika. Chukua vipande vya mita mbili hadi tatu, kunja cha kwanza kiwe duara la upana wa sentimita 45 hivi, kisha vinavyofuata vipitishe juu na chini ya mwenzao, ncha ukizichomeka ndani. Vipande vitano au sita vinatosha na havihitaji waya. Mlango wa kawaida huku una upana wa sentimita 91, na mapambo yakishaingia shada litafika kama 60. Likizidi hapo linaumeza mlango.

Hapo kwenye kukata, tafadhali fungua macho. Mzabibu mwitu gome lake linachanika nyuzinyuzi, na mara nyingi unaning'inia mbali na shina la mti. Ukiona mtambaazi uliojibandika kwenye mti kwa vimizizi vingi kama manyoya, uache: huenda ni poison ivy. Huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, na aliyewahi kubangua korosho kienyeji kule Mtwara anajua mafuta ya ganda yanavyochoma ngozi. Sumu ya huu inabaki hata shina likishakauka na majani yote yakiisha, kwa hiyo usiuguse wala usiuchome moto, moshi wake unaumiza mapafu.

Kuna na kishawishi cha pili, mtambaazi uitwao bittersweet, wenye vitunda vyekundu ndani ya maganda ya rangi. Wa Asia ni mgeni msumbufu anayekaba miti mpaka inakufa, na hapa Massachusetts ni marufuku kuuuza. Ndege wakila vitunda mlangoni kwako wanazipanda mbegu mtaa mzima. Utautambua kwa vitunda vilivyotapakaa kwenye shina lote, na maganda yake ni ya manjano. Wa asili ya Marekani huzaa kwenye ncha tu na maganda yake ni ya rangi ya chungwa.

Sasa majani. Kila mtu anataka jani jekundu la mti wa mepo (maple), na kwa shada ndilo jani baya kuliko yote. Ukilichuma, ndani ya siku chache limejikunja, na ukiligusa linavunjika. Mimi hutumia mwaloni na magnolia zilizonyweshwa gliserini, hii hii tuliyopakwa utotoni ngozi ikipauka. Changanya sehemu moja ya gliserini na mbili za maji ya moto, ponda mwisho wa matawi, yasimamishe humo mahali pasipo jua kwa wiki mbili au tatu. Yatakuwa ya kahawia iliyoiva, laini kama ngozi ya kiatu, na hayavunjiki. Lakini yachume Agosti, yakiwa bado ya kijani. Jani likishaanza kugeuka rangi, mti umeshaanza kuziba njia zake za maji na halitanywa kitu.

Koni za misonobari ziweke kwenye oveni, nyuzi 90 za Selsiasi hivi, kwa nusu saa, huku ukizitazama. Zinafunguka, utomvu unakauka, na wadudu wanakufa.

Kufunga ni kazi ya subira. Tengeneza vishada vidogo vya vijiti vitatu hadi vitano. Laza cha kwanza, zungushia waya mara tatu ukiuvuta, usiukate. Cha pili kifunike vikonyo vya cha kwanza, na uende hivyo hivyo upande mmoja tu. Ukigeuza mwelekeo katikati, jicho litaona hata kama mwenye jicho hajui kilichokosewa. Kwa ladha yangu usijaze duara zima: pamba theluthi moja, chini kushoto, mizabibu mingine ibaki wazi. Utepe wa gunia ukitaka, ila mmoja, na sioni haja ya maboga ya sponji.

Ngano na mahindi ya rangi ni mazuri sana, ila kindi wa hapa hawana adabu. Nafaka weka tu kama shada litakaa nyuma ya kioo. Kabla ya kutundika, pitisha kiganja nyuma ya shada na ukunje kila ncha ya waya iingie ndani, isije ikachora rangi ya mlango, hasa kama nyumba ni ya kupanga.