Herufi Z kwenye fomu ya hospitali si Zika

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Kisumu: ukiona msimbo unaoanza na Z kwenye fomu ya bima, eti umepatikana na virusi vya Zika na unafichwa. Si kweli, na tafadhali usiusambaze.

Misimbo hiyo hutoka katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na sababu za kutafuta huduma ya afya. Herufi ya kwanza si kifupi cha jina la ugonjwa. Zika yenyewe ni A92.5, chikungunya A92.0, na malaria ya falciparum, tuijuayo sana huku ziwani, ni B50. Z hueleza sababu nyingine za kufika kituoni; chanjo, kwa mfano, ni Z23 hadi Z27.

Kinachochanganya ni Z20: kukaribiana na ugonjwa wa kuambukiza. Toleo la Marekani huongeza “au kushukiwa hivyo”, na lina hata Z20.821, mahususi kwa Zika, ilhali A92.5 huko huandikwa tu ugonjwa ukithibitishwa. Jicho hukimbilia neno “Zika” na kuliruka “kushukiwa”.

Ukitaka uhakika, soma msimbo wote pamoja na maelezo yake, kisha muulize daktari majibu ya maabara yanasemaje.