Ati mapema hii usifuate ol-in, hata kwa A mbili

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa kijana ninayemfundisha poka. Mashindano yana nusu saa tangu yaanze, mtu kaweka chipsi zake zote, ndiyo ol-in yenyewe, na kijana wangu ana jozi ya A mkononi. Akazitupa badala ya kufuata, yaani kuweka zake pia. "Kocha, nilijizuia," ananiambia kwa sauti ya mtu anayengoja kupongezwa. "Bado ilikuwa mapema."

Si wa kwanza. Kauli hii nimeisikia mara nyingi hadi nimeamua kuiandikia, ili atakayekuja nayo kesho nimtumie maandishi haya, mimi nikalale.

"Mwanzoni usihatarishe chipsi zote. Subiri nafasi bora zaidi."

Nafasi gani iliyo bora kuliko A mbili? Kabla ya karata za mezani kufunguliwa, hakuna mkono unaozizidi. Dhidi ya karata mbili zozote za kubahatisha hushinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya jozi ya K, mara 82 hivi. Na huja mara moja katika mikono 221. Mkicheza mezani, si mtandaoni, na mgawaji akiwa mwepesi, mtapata mikono kama 30 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: utazingoja tena zaidi ya saa saba, na siku zikija hakuna aliyekuahidi kwamba mtu atakuwekea zote.

Watetezi wa dhana hii hupenda kunitajia mashindano makuu ya World Series of Poker kule Las Vegas. Kiingilio ni dola 10,000, na ukitoka umetoka. Mwaka 2024 waliingia watu 10,112. Kila mmoja huanza na chipsi 60,000 huku blaindi (madau ya lazima ya kila mkono, ndogo na kubwa) zikiwa 100 na 200, yaani ana blaindi kubwa 300 mbele yake, na kila ngazi ya blaindi hukaa saa mbili. "Kocha, nisafiri mpaka kule nitoke dakika ya tano?" Uchungu huo nauelewa. Lakini nauli ya ndege na aibu ya kurudi hotelini mchana kweupe havibadilishi uwezekano wa A zako kushinda.

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake. Chipsi za mashindano (za mezani, si za mayai) si fedha. Rundo likiongezeka mara mbili, thamani yake haiongezeki mara mbili kamili. Chukua meza moja ya watu kumi, kila mmoja katoa shilingi 1,000, na zawadi ni 5,000, 3,000 na 2,000. Kabla ya mkono wa kwanza rundo lako lina thamani ya 1,000. Ukimtoa mtu mkono huohuo wa kwanza, unashika moja ya tano ya chipsi zote, na ICM, ile hesabu ya kugeuza chipsi kuwa fedha, inakupa 1,844. Kwa hiyo unahatarisha 1,000 ili uwe na 1,844, na ili usipate hasara lazima ushinde mara 54 na ushee katika 100. Hiyo nne ya juu ya hamsini mimi huiita kodi. Nne tu! A mbili zinailipa na chenji kubwa inabaki. Na kwenye mashindano ya maelfu ya watu, mkono wa kwanza ukiwa mbali kabisa na zawadi, kodi yenyewe karibu haipo.

Kuna wanaoniambia: mimi nawazidi hawa, nitawala polepole. Sawa. Kama kweli unawazidi, una haki ya kutupa mkono wa asilimia 55. Wa 82 huna haki nao. Na niseme bila kumung'unya maneno: wengi wanaonipa hoja hii hawawazidi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba saa imegeuka kisingizio cha kutofikiri. Swali la maana ni moja: huyu anaweka zote kwa karata zipi? Hapo A hazina mjadala, kazi ipo kwenye Q mbili. Tuseme kuna mzee mkimya, saa nzima anatupa tu, kila mtu ana blaindi 300, ghafla anasukuma rundo lote. Unamkadiria A mbili, K mbili, au A na K. Wanafunzi wangu wengi huhesabu aina za mikono. Mimi nawalazimisha wahesabu njia ambazo kila mkono unaweza kutokea, kwa kalamu. Jozi ya A hupatikana kwa njia 6, ya K kwa njia 6, A na K kwa njia 16. Basi 16 ni nyingi kuliko 12, nifuate? Hapana. Dhidi ya A na K unashinda mara 56 hivi, lakini dhidi ya jozi zile kubwa ni 18 au 19. Changanya zote, unabaki na kama 40. Tupa, agiza chai.

Sasa mtoe mzee, mkalishe kijana mwenye bia ambaye ameshaweka zote mara tatu na hajaonyesha karata hata moja. Kwenye makadirio yale mwongezee J mbili, 10 mbili, A na Q. Q zako zimepanda hadi 55 hivi. Karata ni zilezile na saa ni ileile, ila jibu limebadilika, na hata kwenye meza yetu ya watu kumi kodi inalipika, ingawa kwa shida. Ukiwa na K mbili, hata kwa mtu anayeweka zote kwa Q mbili, K mbili, A mbili au A na K pekee, unashinda zaidi ya mara 57. Fuata. Siku moja utakutana na A, ndiyo. Kwenye meza ya watu tisa, ukishika K mbili, kama mara moja katika 25 kuna mwenzako mwenye A mbili. Utaumia, utaondoka, na hutakuwa umekosea.

"A na K haitupwi." Inatupwa. Hata jozi ya 2 inaishinda kidogo: A na K huambulia 47 katika 100. Dhidi ya mtu mwenye Q mbili na kuendelea au A na K nyingine, ni kama 40. Utamu wake ni kuwa wewe ndiye unayeweka zote, maana wengine wanaweza kukimbia. Ukifuata, hakuna anayekimbia tena.

"Mapema ni mapema." Uliyejisajili kwa kuchelewa ukakaa na blaindi kubwa 12 hauko mwanzoni, hata kama kiti bado ni baridi. Mtu akiweka zote kwa blaindi 10, wengine wametupa na wewe ndiye blaindi kubwa, unaongeza 9 kuwania 11 na nusu zilizomo. Unahitaji takriban asilimia 44 na kodi kidogo juu yake, na yeye kwa rundo dogo vile anasukuma karata nyingi sana. Hapo hata A na 9 siitupi.

"Kuna kununua tena, fuata chochote." Kiingilio cha pili kinatoka mfuko uleule wa cha kwanza.

"Nilitupa, kumbe ningeshinda." Hii sitaki hata kuijadili. Ukinitumia mkono, niandikie mtu alikuwa nani, blaindi zilikuwa ngapi, na ulimkadiria karata zipi kabla ya kuamua. Karata zilizofunguka mezani usinitajie. Ujumbe wa sauti pia sitaki, hasa wa dakika nne.