Masundosundo yanaporudi: maneno ya watu na ukweli wake

Masundosundo, yaani vinyama vya sehemu za siri, yakitoka mara ya kwanza, mtu hushtuka, hujificha siku kadhaa, kisha hutafuta tiba. Vikirudi baada ya tiba, ndipo maneno yanapoanza: dawa ilikuwa feki, mwenzi anachepuka, damu imechafuka, hii lazima ni saratani. Mengi ya maneno hayo hayana msingi, na mengine huumiza kuliko vinyama vyenyewe, ambavyo mara nyingi haviumi kabisa.

"Yamerudi, kwa hiyo dawa haikufanya kazi"

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu asiyeelewa kwa nini yanarudi ataamini karibu kila kitu kingine atakachoambiwa.

Masundosundo husababishwa na kirusi cha papiloma, HPV. Kirusi hiki kina aina zaidi ya 200, na kama 40 kati yake hushambulia ngozi na utando wa sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Aina mbili, ya 6 na ya 11, ndizo zilizo nyuma ya masundosundo karibu tisa katika kila kumi. Kirusi huingia kupitia michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, kikajificha kwenye seli za tabaka la chini la ngozi. Seli hizo zinapozaliana na kusogea juu, kirusi husogea nazo, na mahali fulani ngozi huota kupita kiasi. Hicho ndicho kinyama unachokiona.

Sasa angalia tiba inafanya nini. Kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, kuchoma kwa umeme, kukata, kupaka asidi ya trikloroasetiki, kupaka podofilotoksini: zote huondoa kinyama kilichokwisha kuota. Ngozi ya pembeni, inayoonekana safi kabisa, inaweza kuwa bado na kirusi. Ndiyo maana kurudi ni jambo la kawaida, hasa katika miezi mitatu ya kwanza baada ya tiba. Imikwimodi, dawa ya krimu, hufanya kazi kwa njia tofauti kidogo, maana huamsha kinga ya mwili pale inapopakwa, lakini nayo haina ahadi kwamba kirusi kitaisha.

Kinachokidhibiti kirusi hatimaye ni kinga ya mwili. Maambukizi mengi ya HPV, kama tisa katika kumi, hudhibitiwa ndani ya miaka miwili kiasi kwamba vipimo havikioni tena. Kwa hiyo swali la maana si "vimerudi au havijarudi" bali vinaelekea wapi. Vikiwa vilikuwa vinane na sasa ni viwili vidogo, mambo yanakwenda vizuri, hata kama moyo unakataa kuamini.

Kuna jambo jingine linalofanya watu wadhani dawa imeshindwa: kuiacha njiani. Imikwimodi ya asilimia 5 hupakwa mara tatu kwa wiki wakati wa kulala, huoshwa baada ya saa 6 hadi 10, na matibabu yanaweza kufika wiki 16. Podofilotoksini hupakwa asubuhi na jioni kwa siku tatu, ngozi ikapumzishwa siku nne, kisha mzunguko ukaanza upya, kwa kawaida usizidi mara nne. Atakayeacha wiki ya tatu kwa kuwa haoni tofauti hajaipa dawa nafasi. Kwa upande wa pili, atakayemaliza dozi yote bila mabadiliko yoyote ana haki ya kubadilishiwa njia, na asione haya kuliomba hilo.

"Mwenzi wangu anachepuka"

Ndoa zimevunjika kwa hili, na ushahidi wenyewe haupo.

Kutoka siku ya kuambukizwa hadi kinyama kuonekana huchukua wiki kadhaa au miezi, na wakati mwingine miaka. Watu wengi wenye kirusi hawaoti kinyama hata kimoja maisha yao yote, ila wanaweza kukiambukiza. Mtu aliyetulia na mwenzi mmoja kwa muda mrefu anaweza kuota vinyama leo kutokana na kirusi alichokipata kabla hawajajuana, au ambacho mwenzi alikuja nacho bila kujua. Hakuna kipimo kinachoweza kutaja tarehe wala mtu. Haki itendeke pande zote: vinyama havithibitishi kwamba mtu ni mwaminifu, ila havithibitishi usaliti pia. Anayetaka kujua ukweli wa ndoa yake atautafuta kwingine.

Na vinaporudi? Kwa kawaida ni kirusi kilekile kilichobaki kwenye ngozi yako mwenyewe. Wenzi wanaokutana kimwili mara kwa mara huwa wameshashiriki aina hizo za kirusi, kwa hiyo kumtuhumu mwenzako kwamba "ananirudishia" ni kumwonea.

Kumwambia mwenzi ni mtihani, sikatai. Nadhani watu hukwama kwa sababu wanadhani wanapaswa kuungama dhambi. Maneno machache yanatosha: "Nina vinyama vinavyotokana na kirusi cha HPV. Ninatibiwa. Siwezi kujua nilikipata lini wala kwa nani, na wewe pia huenda unacho bila dalili. Naomba tusubiri ngozi ipone, kisha tupange pamoja." Sentensi hizo ni za kweli zote, na hakuna hata moja inayomlaumu mtu.

"Yanayorudi ndiyo yanayogeuka saratani"

Aina ya 6 na ya 11 huitwa za hatari ndogo kwa sababu ni nadra sana kuhusishwa na saratani. Saratani ya mlango wa kizazi hutokana na aina nyingine za HPV. Ya 16 na ya 18 peke yake zinachangia kama asilimia 70. Uhusiano huo ulifichuliwa na Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake miaka ya 1980, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kinyama kikirudi mara tano hakibadilishi aina ya kirusi kilichomo.

Ila mtu anaweza kubeba aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwanamke mwenye masundosundo anahitaji uchunguzi wa mlango wa kizazi kama wanawake wengine, kwa ratiba ileile: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza na umri wa miaka 30 kwa kipimo cha HPV, kurudiwa kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25, na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kuhangaika kupima kila baada ya miezi michache kwa sababu ya vinyama hakusaidii kitu.

Kinyama chenye kidonda kisichopona, kilicho kigumu na kimeshikamana na nyama ya chini, kinachotoa damu chenyewe au kilichobadilika rangi ni habari nyingine. Hicho kikatwe kipande kikapimwe maabara, leo si kesho.

"Yakikataa kupona, una UKIMWI"

Watu wasio na VVU hurudiwa na vinyama kila siku. Hata hivyo neno hili lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana halikomi. Kinga ikishuka, iwe kwa VVU au kwa dawa wanazotumia waliopandikizwa viungo, vinyama huwa vingi zaidi na sugu zaidi. Uvutaji wa sigara nao umehusishwa na kirusi kung'ang'ania.

Kupima VVU na kaswende ni busara kwa yeyote aliyepata masundosundo, kwa kuwa maambukizi haya yote hupita njia moja. Kaswende hasa isisahaulike: katika hatua yake ya pili huweza kuleta vinundu bapa vyenye unyevu ambavyo mtu huvidhani masundosundo. Vile huisha kwa sindano ya penisilini, na kuvichoma ni kuuacha ugonjwa wenyewe ukiendelea kimyakimya.

"Kila kipele huko chini ni sundosundo"

Aliyewahi kutibiwa huanza kujikagua kwa kioo na tochi, na mwenye kutafuta hapati shida kupata. Tatizo ni kwamba anachokiona mara nyingi ni umbile la kawaida ambalo hakuwahi kulitazama kwa makini.

Kwa wanaume, vipele vidogo laini vilivyojipanga kama shanga kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume si ugonjwa wala haviambukizi. Vidoadoa vyeupe au vya manjano kwenye ngozi ya uume, korodani au mashavu ya uke ni tezi za mafuta. Kwa wanawake, vinundu laini vilivyopangana sawasawa pande zote mbili ndani ya mashavu madogo ya uke, kila kimoja na kishina chake, ni maumbile pia. Masundosundo kwa kawaida hayana mpangilio: moja hapa, matatu pale, uso wake unakwaruza, na mengine huungana kadiri yanavyokua. Malengelenge yenye maji yanayouma na kupasuka yakaacha vidonda yanaelekeza kwenye hepesi, ambayo ni kirusi kingine kabisa chenye dawa nyingine.

Kuna mtindo wa kupaka siki na kusubiri ngozi igeuke nyeupe ili kuthibitisha. Usiutegemee. Ngozi yenye mchubuko, fangasi au muwasho hugeuka nyeupe vilevile, na mtu hubaki na hofu juu ya kitu kisichokuwepo.

"Jichome mwenyewe, utaokoa muda"

Dawa ya kuondoa chunjua za mikononi na miguuni haikutengenezwa kwa ngozi ya sehemu za siri. Asidi yake huunguza. Hali ni ileile kwa kitunguu saumu kilichosagwa, maji ya betri, na vichupa visivyo na maandishi ambavyo muuzaji huviita "ya asili". Matokeo yake ni vidonda na makovu, na kirusi bado kipo. Viuavijasumu navyo havina kazi hapa, kwa kuwa adui si bakteria. Kuhusu "kusafisha damu", kirusi hiki hakizunguki kwenye damu, kwa hiyo hakuna cha kusafisha.

Mengine yanayoulizwa kwa kunong'ona

Vinyama vya njia ya haja kubwa havimaanishi lazima mtu amefanya ngono ya huko. Kirusi husambaa kwenye ngozi ya jirani. Mhudumu anayekuhukumu kwa hilo ndiye mwenye upungufu. Choo cha pamoja kinasingiziwa sana, lakini njia kuu ni ngozi kugusana na ngozi wakati wa kujamiiana. Kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, maana haifuniki kinena chote wala korodani; na anayetumia imikwimodi ajue kwamba krimu hiyo hudhoofisha mpira wa kondomu. Kunyoa kwa wembe juu ya vinyama huchubua ngozi na kukisambaza kirusi, kwa hiyo nywele ziachwe au zipunguzwe kwa mkasi.

Uzazi hauharibiki kwa sababu ya masundosundo. Wakati wa ujauzito vinyama huweza kukua haraka na kutoa damu kidogo, kisha vikanywea baada ya kujifungua. Podofilotoksini haitumiwi na mjamzito. Kugandisha au asidi ya trikloroasetiki ikipakwa na mtaalamu huwezekana. Upasuaji wa kujifungua hauhitajiki, isipokuwa vinyama vimekua hadi kuziba njia au vinatishia kutoa damu nyingi. Mtoto kupata vinyama vya kooni hutokea, ila ni nadra sana.

Chanjo ndiyo inayoeleweka vibaya kwa pande zote mbili. Haitibu vinyama vilivyokwisha kuota, na anayeuziwa kwa ahadi hiyo anadanganywa. Lakini si ya saratani tu: chanjo ya aina nne za HPV, iliyoidhinishwa mwaka 2006, na ya aina tisa iliyofuata mwaka 2014, zote hukinga dhidi ya aina ya 6 na ya 11. Ile ya aina mbili, ya 16 na ya 18, haigusi masundosundo. Australia ilianza kuchanja wasichana mwaka 2007. Hadi 2011, katika kliniki za afya ya ngono nchini humo, wanawake wa chini ya miaka 21 waliokutwa na masundosundo walikuwa wameshuka kutoka zaidi ya kumi katika kila mia hadi chini ya mmoja. Vijana wa kiume nao walipungukiwa na vinyama, ingawa wao walikuwa bado hawajachanjwa.

"Mapenzi yangu yameishia hapa"

Hofu hii husababisha watu wavunje uhusiano mzuri kabla hawajaachwa. HPV ni maambukizi ya zinaa yaliyoenea kuliko yote. Wengi kati ya wanaojamiiana hukutana nayo wakati fulani, na tofauti ni kwamba kwako ilijionyesha. Ngono inasubiri wakati kuna vinyama au vidonda vya dawa, kisha inarudi. Hamu ikipotea kwa muda si ajabu. Ikiwa miezi inapita huli vizuri, hulali, na unamkwepa kila anayekukaribia, mweleze mhudumu hilo pia, kwa sababu nalo linatibika.

Kioo kipumzishwe. Kujikagua mara moja kwa wiki katika miezi mitatu ya kwanza kunatosha, baada ya hapo hata mara moja kwa mwezi. Ukiona kipya, andika tarehe na mahali kilipo, na uende kikiwa bado kidogo. Vichache na vidogo ndivyo vinavyotibika kwa urahisi.