Je, wajua kwa nini paipu ya pawa stelingi ukiikata na kuifunga klipu inashika siku mbili tu halafu inavuja tena?

Kama una gari la zamani hii utakuwa umekutana nayo. Unatoa gari asubuhi unaona doa jekundu chini upande wa mbele, unafungua boneti unakuta kile kikopo cha oili ya stelingi kimeshuka chini ya alama ya MIN, unaongeza, wiki ijayo tena hivyohivyo. Unaenda gereji, fundi anachungulia na tochi anasema paipu imechoka hii, anakata kipande kibovu, anachomeka mpira mwingine, klipu mbili, anawasha gari, pakavu kabisa. Unalipa unaondoka. Siku ya tatu unapaki sehemu finyu, umekata kona mpaka mwisho, unasikia kitu kama pfsss, moshi kidogo unatoka kwenye boneti na usukani unakuwa mzito ghafla mpaka unauzungusha kwa mikono miwili na mabega.

Mimi ilinikuta, tena mara mbili, na muda wote nilikuwa naamini klipu ndio feki. Klipu hazikuwa na kosa lolote. Kosa ni kwamba zilifungwa kwenye paipu ambayo haifungwi klipu.

Iko hivi. Mfumo wa pawa stelingi wa oili una njia tatu. Kuna mpira mnene unaotoka kwenye kikopo kushuka kwenye pampu, huo ni wa kunyonya tu. Halafu kuna paipu inayotoka kwenye pampu kwenda kwenye raki ya stelingi, yaani kile chuma kirefu kinachosukuma matairi yakate kona, hiyo ndio ya presha. Na ya tatu inatoka kwenye raki inarudisha oili kwenye kikopo, kwenye magari mengi inapitia kwanza kwenye bomba lililokunjwa mbele karibu na rejeta ili ipoe. Kwa macho ya haraka zote ni mipira myeusi imelowa oili na vumbi, huwezi kujua ipi ni ipi mpaka uifuate kwa tochi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ila tofauti ya ile ya presha na ile ya kurudisha ni kama mbingu na ardhi.

Sasa jambo ambalo wengi hatulijui: presha kwenye ile paipu haikai sawa muda wote, ni mikono yako ndio inaiita. Pampu inazunguka na mkanda wa injini saa zote, lakini ukiwa umenyoosha matairi oili inapita kwenye raki na kurudi zake kwenye kikopo bila kizuizi kikubwa, kwa hiyo presha iko chini. Ukianza kukata kona, ndani ya raki kuna fimbo nyembamba ya chuma inajinyonga kidogo, inafungua valvu upande mmoja na kubana upande mwingine, oili inalazimika kusukuma pistoni upande unaotaka, presha inapanda. Ukikata mpaka mwisho pistoni haina pa kwenda tena ila pampu bado inasukuma, kwa hiyo presha inapanda mpaka valvu ya usalama ifunguke. Ule mngurumo unaousikia gari likiwa limekatwa kona mpaka mwisho ndio huo. Hapo kwenye magari mengi madogo tunaongelea kati ya psi (kipimo cha presha) 1,000 na 1,500, wakati tairi lako pengine lina psi 30 na kitu.

Fikiria sasa yule fundi aliyewasha gari, matairi yamenyooka, akaona pakavu akakwambia tayari. Alichopima ni paipu ikiwa imepumzika.

Na hesabu yake si ngumu. Chukua paipu yenye kipenyo cha milimita 10, ipe psi 1,000, ile nguvu inayotaka kuuchomoa mpira kwenye chuma ni karibu kilo 55. Yani ni kama umeninginiza mfuko mzima wa saruji na zaidi kwenye mpira ulioshikwa na klipu ya kukaza kwa bisibisi, tena mfuko wenyewe unaninginizwa na kuondolewa kila ukikata kona. Oili nayo inateleza. Itachomoka tu, leo au kesho.

Ndio maana kiwandani hawatumii klipu pale. Ukiuangalia vizuri mpira wa presha, mwisho wake umeingia kwenye kola ya chuma iliyominywa na mashine, ina mikunjo ya kubanwa kuzunguka pande zote. Mpira wenyewe una tabaka: ndani mpira unaostahimili oili, katikati nyuzi zilizosukwa, juu mpira mwingine wa kulinda. Kola inazibana zile nyuzi pamoja na mpira kwa mkupuo mmoja, nyuzi ndio zinabeba mzigo.

Kuna mtu ataniuliza, si waweke bomba la chuma tupu mwanzo mwisho? Haiwezekani, kwa sababu injini inatikisika juu ya maundi zake, yaani vile vikalio vya mpira vinavyoibeba, na pampu inatikisika nayo, wakati raki imefungwa chini imetulia, kwa hiyo lazima katikati pawe na kitu cha kujikunja. Halafu pampu haisukumi oili kwa mkondo laini, inasukuma kwa mapigo madogomadogo ya haraka, ule mpira unatanuka kidogo sana na kuyameza. Chuma tupu kingelia na mwisho kingepasuka.

Miaka ikienda joto la injini na eksozi linaukausha mpira, unakuwa mgumu, pale kwenye kola unapoteza ule mnato wa kujaza nafasi, basi oili inaanza kutoka kama jasho. Hapo ndipo pa kwanza kuangalia. Ila kuna kitu kinadanganya watu wengi, oili inatambaa. Inatokea juu kwenye kola, inafuata bomba, inadondokea mahali pa chini kabisa, na wewe unalaumu pale palipolowa. Kwa hiyo osha kwanza. Gari likiwa limepoa pulizia dawa ya kusafishia injini, suuza, acha pakauke kabisa, halafu mtu mmoja akae ndani awashe na kuzungusha usukani taratibu kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, wewe umulike ukiwa mbali kidogo. Kwenye gari langu ilionekana hivi: matairi yakiwa yamenyooka kola kavu, akakata kona, pakatokea duara dogo la unyevu linang'aa pembeni ya mkunjo mmoja wa kola, akalegeza likatulia, akakata tena likavimba likawa tone. Nilikaa nikiliangalia lile tone nikaelewa miezi yote ile nilikuwa nafukuza nini.

Nakuomba sana usipapase paipu kwa kidole injini ikiwa inawaka kutafuta panapovuja. Tundu kama la sindano kwenye presha ile linaweza kupenyeza oili ndani ya ngozi kama sindano, kidonda kwa nje kinaonekana kadoa tu lakini ndani ni hatari na ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Na hii oili inashika moto ikimwagikia eksozi ya moto, kwa hiyo "nitaendelea kuongeza tu" sio mpango.

Kama kinachovuja ni mpira wa kurudisha, hapo klipu ni halali kabisa maana presha yake ni ndogo, kata ulipochoka au badilisha wote, ila tumia mpira wa oili. Usitie mpira wa rejeta, ule umetengenezwa kwa ajili ya maji na ukikutana na oili unavimba na kulainika. Ule wa kunyonya wenyewe una kituko chake, ukilegea unaweza usione tone hata moja chini, unavuta hewa ndani badala ya kutoa oili nje, pampu inalia na oili kwenye kikopo inakuwa na povu kama maziwa.

Ya presha inabadilishwa nzima, au unaipeleka kwa watu wenye mashine ya kuminya paipu za haidroliki, wanaweka mpira mpya kwenye vichwa vyako vya zamani na kola mpya. Waambie ni ya pawa stelingi, ili watie mpira unaohimili joto na hiyo oili, sio presha peke yake. Kufungua ndio kazi yenyewe kwenye gari kuukuu, nati imeganda. Tumia spana ya paipu ile inayoshika nati karibu pande zote, spana ya kawaida itaviringa kichwa chake, na kama pana nati mbili shika moja kwa spana nyingine bomba lisijinyonge. Weka oringi mpya (kile kipete cha mpira cha kuziba) au zile pete bapa za shaba za kuziba, ziwe mpya, za zamani zimeshalala. Anza kukaza kwa mkono mpaka iingie yenyewe, na urudishe kila kishikizo cha paipu mahali pake, paipu isiguse eksozi wala mkanda.

Kutoa hewa watu wanaharakisha na ndio wanaua pampu mpya. Jaza oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye mfuniko, maana mengi yanatumia ATF, ile oili ya giaboksi ya otomatiki, lakini sio yote. Inua mbele kwa jeki, weka stendi imara, injini ikiwa imezimwa zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 15 au 20 huku mtu anaongeza oili kwenye kikopo. Mapovu yakiisha ndio uwashe, uzungushe tena polepole, na usiushikilie mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache.

Asubuhi yake utakuta oili imeshuka kidogo, usishtuke. Kama kola na nati ni kavu hiyo ni hewa iliyopanda usiku na oili ikachukua nafasi yake, ongeza mpaka kwenye alama. Ikishuka tena kesho yake, rudi chini na tochi.