Watoto wa Safu ya Dirishani

Kila muhula walimu tarajali wa chuo chetu wanapokwenda mazoezi ya kufundisha, mimi mkufunzi wao huwafuata hukohuko shuleni. Huketi dawati la nyuma na karatasi moja. Andalio la somo silishughulikii sana, kwa kuwa huwa limeandikwa kwa mwandiko safi na kila kitu kiko mahali pake. Ninachofanya ni kuchora ramani ya madawati, na mtoto akiitwa kujibu swali, nachora kijiti kwenye ramani mahali anapoketi.

Muhula uliopita nilikuwa katika shule moja viungani mwa Kisumu, Gredi ya Nne, kipindi cha Kiswahili. Watoto walikuwa 50 na ushei, wamebanana watatu watatu. Kengele ilipolia, vijiti vyangu karibu vyote vilikuwa vimerundikana safu mbili za mbele, vingi kwa wavulana. Safu ya dirishani ilikuwa na kimoja tu. Tulipotoka nikamwonyesha yule mwalimu kijana karatasi hiyo chini ya mwembe. Alinyamaza, macho yakamlengalenga machozi. Anawapenda watoto wale na anayajua majina yao. Hakuna asubuhi aliyoamka akanuia kumbagua yeyote.

Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulizungumza. Tukisikia neno ubaguzi tunamfikiria mtu mwenye roho mbaya. Darasani, mara nyingi ni mazoea ya mtu mwema mwenye haraka. Kipindi ni dakika 35, mkufunzi amekaa nyuma anaandika, basi humwita yule ambaye ana hakika atajibu sawasawa.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza jambo hili katika vipindi vya sayansi miaka ya 1970. Aliona kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha humrukia mtoto mwingine au hujijibu mwenyewe. Tena wale anaowaona werevu huwasubiri zaidi kuliko anaowaona wazito. Kimya hicho kilipoongezwa hadi sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakikaa kimya wakaanza kuchangia. Sasa mfikirie mtoto wa Kisumu au Vihiga anayewaza kwa Dholuo au Lulogoli, atafute neno la Kiswahili au la Kiingereza, ndipo ainue mkono. Sekunde moja haimtoshi hata kuvuta pumzi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye lugha, kwa sababu huku kwetu kidonda kiko hapo. Dholuo haina sauti "sh", kwa hiyo shamba humtoka mtoto kama samba, na shati kama sati. Mbukusu naye huzoea "g" na "d" zinapotanguliwa na sauti ya puani kama "n" tu, basi gari huwa kari. Huo ni mfumo wa sauti za lugha ya kwanza, na akili ya mtoto haimo humo. Lakini siku ile msichana mmoja wa safu ya dirishani alisimama akasema "samba", darasa likaangua kicheko, na mwalimu akatabasamu pamoja nao. Alitabasamu tu, hakutamka neno baya. Mtoto akaketi, na mkono wake sikuuona tena hadi kipindi kikaisha.

Mimi nilivishwa kibao shingoni nikiwa shule ya msingi kwa kosa la kusema lugha ya mama. Kamba yake ilikuwa ya katani, ikikwaruza. Nilijifunza kunyamaza kabla sijajifunza Kiingereza. Leo Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli, nayo sera ya elimu inataka watoto hadi Gredi ya Tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kibao sijakiona katika madarasa ninayotembelea. Kicheko nakisikia kila muhula.

Kuna na suala la vifaa. Mtaala wa umilisi unathamini kazi za mikono, nami nauunga mkono. Lakini mtoto wa Nyalenda, mtaa wa mabanda wa Kisumu, ambaye mamake anauza omena akikosa karatasi ya manila, kisha akaandikiwa "mbali na matarajio", kilichopimwa ni mfuko wa mzazi. Nawaambia wanafunzi wangu: kazi ikihitaji kitu cha dukani, ibadilishe. Udongo wa mfinyanzi na mabua ya mahindi vinafundisha vilevile.

Mtoto mwenye ualbino aketi mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha. Asiyesikia vyema asifundishwe na mwalimu aliyeupa ubao uso na darasa kisogo. Nawe mzazi, ukimshuku mwanao haoni au hasikii vizuri, ulizia kituo cha tathmini cha kaunti, kile kinachoitwa EARC, usingoje ripoti ya mwisho wa mwaka.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa yule mwalimu. Mezani pake palikuwa na mkebe wa majani ya chai uliojaa vijiti, kila kijiti na jina la mtoto. Aliuliza kwanza, akanyamaza, ndipo akachomoa kijiti. Baadaye aliniambia alikuwa akihesabu hadi tatu kwa vidole vya mguu ndani ya kiatu. Likatoka jina la msichana wa dirishani.

"Mwalimu, sisi kwetu samba ni la bel."

Wawili watatu walianza kucheka. Mwalimu hakutabasamu.

"Vizuri sana. Shamba la bel. Nani atatuambia bel kwa Kiswahili?"

Mikono ikainuka hadi safu ya nyuma. Akaandika ubaoni *bel* na *mtama* bega kwa bega, na yule msichana akayanakili yote mawili taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Mwishoni mwa andalio kuna nafasi ya tafakuri. Zamani alikuwa akiandika hapo "Somo limefaulu." Siku hiyo aliandika majina ya watoto saba ambao vijiti vyao havikutoka, na mbele yake neno moja: Jumatatu.